Mwenye Mizani Asiwe Mwenye Karafuu



Wiki hii nataka kulijibu swali nililoletewa na vijana wa Tibirinzi, hapa Chake Chake, ambao wamebishana siku nyingi bila ya kufikia mwafaka. Swali lenyewe ni fupi: mtangazaji aliyezoeleka kuonekana kwenye televisheni, akaiacha na kuingia katika muziki na redio, je, huyo amepanda au ameshuka?

Nilipodadisi nikafahamu kuwa swali hilo halikuzuka hivi hivi. Yupo binti wa mtaani kwao aliyemaliza skuli, mwenye sauti iliyotulia na matamshi safi, aliyepata nafasi ya kujifunza kusoma taarifa ya habari mbele ya kamera. Jamaa zake wamefurahi, maana kuonekana kwenye kioo ni jambo la fahari. Yeye mwenyewe, hata hivyo, moyo wake umeelekea kwengine. Anataka kuimba, na anataka kuendesha kipindi cha redio. Ami yake amemwambia kwamba kuikimbia kamera kwa ajili ya kipaza sauti ni sawa na kuteremka garini ukapanda punda.

Jina la binti huyo silitaji, wala halihitajiki, kwa sababu wako wengi mfano wake Wete, Mkoani na Konde, na uamuzi wanaotakiwa kuutoa ni wa maisha yao. Kwa hivyo jambo hili si la mzaha, na linastahiki kuzungumzwa kwa utulivu.

Katika mabishano yao vijana walimtaja Vanessa Mdee, na walifanya vyema, kwa sababu safari yake inatuonesha jambo hili kutoka mwanzo hadi mwisho. Vanessa alizaliwa Arusha mwaka 1988. Mwaka 2007 televisheni ya muziki ya MTV ilitafuta watangazaji Dar es Salaam, naye akachaguliwa, akawa Mtanzania wa kwanza kutangaza katika televisheni hiyo. Kazi yake ilikuwa ni kuwatangazia watazamaji wa Afrika nyimbo za watu wengine: ipi imepanda, ipi imeshuka, ipi ni mpya. Baadaye aliingia redioni, Choice FM ya Dar es Salaam, akaendesha kipindi kilichoitwa The Hitlist, nacho pia kilikuwa cha nyimbo. Mwaka 2012 sauti yake ilisikika katika wimbo wa Ommy Dimpoz uitwao Me and You. Mwaka 2013 akatoa wimbo wake mwenyewe, Closer. Mwaka uliofuata likaja Hawajui, na Januari 2018 akatoa albamu nzima aliyoipa jina la Money Mondays.

Tuitazame njia hiyo vizuri. Katika muda wa miaka sita tu, mtu aliyekuwa akizitangaza nyimbo za wenzake akawa yeye ndiye anayetangazwa. Hakuruka kwa mara moja. Alipita redioni kwanza, pahala ambapo hakuna uso wala nguo ya kumsaidia mtu, ila sauti yake na akili yake.

Wala si yeye peke yake. Kenya nako, baada ya televisheni ya KTN kuanza Nairobi mwaka 1990, alipata umaarufu mtangazaji Jimmi Gathu, ambaye mbali na kuendesha vipindi kwenye kioo, aliimba wimbo wa kuwaasa watu wajihadhari na ajali za barabarani. Basi kuhama baina ya picha, wimbo na redio ni jambo lenye mifano, na si utovu wa akili kama anavyodhani ami wa binti yetu.

Sasa turejee kwenye swali. Wanaosema kwamba kutoka televisheni kwenda redioni ni kushuka, wanapima ukubwa wa chombo kwa bei yake. Kamera ni ghali kuliko kipaza sauti, kwa hivyo aliye mbele ya kamera, wanadhani, ni mkubwa zaidi. Sisi Wazanzibari ndio tuliokuwa na haki ya kwanza ya kudhani hivyo. Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hutajwa kuwa ya kwanza ya rangi katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Ndugu zetu wa Tanzania Bara walisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi, kama vile ITV, vilipoanza kurusha picha. Sisi wakati huo tulikuwa tumeshatazama kwa miaka ishirini.

Pamoja na hayo yote, ni chombo gani kilichoingia ndani ya kila nyumba ya Pemba? Ni redio. Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ikaja kuwa Sauti ya Tanzania Zanzibar. Sababu ya nguvu yake haikuwa siri. Televisheni inataka umeme, na umeme wa kisiwa hiki ulitegemea majenereta ya Wesha hadi mwaka 2010, ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Redio ilitaka mawe manne tu. Mchumaji aliitundika kwenye tawi la mkarafuu, mvuvi akaifunga kwa kipande cha nailoni asiirowe maji, na mama akaiweka dirishani huku anakuna nazi.

Wenzetu wa Unguja walilijua hilo kwa uchungu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa muda wa miezi mitatu, kisiwa chao kilikosa umeme wa gridi baada ya hitilafu ya njia ya umeme inayotoka Bara. Asiyekuwa na jenereta hakuwa na televisheni. Kioo kilikuwa kioo cha kujitazamia. Mwenye redio ya betri aliendelea kupata habari. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Na kabla ya redio yenyewe, sauti ilikuwa imeshasafiri. Siti binti Saad, mwana wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo katika santuri. Santuri hizo zilipigwa kwenye magramafoni ya Pwani yote hii na mbali zaidi, na watu wengi waliompenda Siti hawakupata kumwona kwa macho hata siku moja. Alifariki mwaka 1950, yaani mwaka mmoja kabla ya Sauti ya Unguja kuanza. Hakutangaza redioni wala hakuonekana kwenye kioo chochote, na jina lake liko hai hadi leo. Asitokee mtu, basi, akatwambia kwamba sauti bila ya picha ni kitu pungufu.

Kazi zenyewe nazo zinatofautiana, na binti anayetaka kuhama lazima azijue tofauti hizo. Televisheni ni kazi ya watu wengi. Msomaji anayeonekana peke yake kwenye kioo amezungukwa na mpiga picha, mtu wa taa, mtu wa sauti, mhariri, mwongozaji, na anayemtengeneza uso. Maneno anayoyasoma mara nyingi yameandikwa na mwengine, na yanapita mbele ya macho yake karibu na kamera. Akikwama, ipo picha ya kumfunika.

Redio haina pa kujificha. Pumzi ikikatika inasikika, karatasi ikipinduliwa inasikika, na mtu akisoma asichokifahamu pia inasikika. Jambo la kwanza analofundishwa mtangazaji wa redio ni kwamba hazungumzi na umma. Anazungumza na mtu mmoja. Mtu huyo yuko jikoni, au yuko juu ya mti, au amelala kitandani mgonjwa. Anayeweza kumzungumzisha mtu huyo mmoja kwa nusu saa asichoke, hakushuka popote.

Muziki ni kazi ya namna nyengine kabisa. Msomaji wa habari hulipwa mshahara mwisho wa mwezi, watu wakimpenda wasimpende. Mwimbaji huleta sokoni mali yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Analipia studio, analipia wapiga ala, analipia vidio na nauli ya boti, kisha anakaa kusubiri kama wimbo utapigwa au hautapigwa.

Na hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka tulizingatie leo. Ami anauliza kuhusu kupanda na kushuka. Mimi nauliza kuhusu mizani.

Hapa Pemba hapana asiyejua maana ya mizani. Mkulima amepalilia, amechuma, amechambua, ameanika majamvini na mvua inamkimbiza. Anapofika kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, jasho lake lote la msimu linawekwa juu ya mizani. Karani anayeisoma mizani ile hatakiwi kupenda wala kuchukia. Anatakiwa kusoma kilo. Sasa mfano karani yule awe naye ana magunia yake katika foleni ile ile, na yeye ndiye anayepima ya kwake na ya wenzake. Hata akiwa mcha Mungu kiasi gani, waliosimama foleni watakuwa na haki ya kunong'ona.

Mtangazaji wa kipindi cha nyimbo ndiye karani wa mizani. Anaposema wimbo huu ni mzuri, msikilizaji anamwamini, kwa sababu anadhani hana gunia lake. Siku mtangazaji yule atakapotoa wimbo wake, amekuwa na gunia. Sisemi kwamba wote waliohama wamedanganya mizani. Simtuhumu Vanessa wala mwengine yeyote. Nasema kuwa pahala penyewe ni pa mtihani, na mtihani huo haupaswi kuachiwa dhamiri ya mtu peke yake.

Tupige hesabu ndogo. Kipindi cha saa moja, ukiondoa salamu, matangazo ya biashara na maneno ya mtangazaji, hubakiwa na dakika 40 hivi za muziki. Wimbo mmoja tuseme ni dakika nne. Hizo ni nyimbo 10 tu. Mtangazaji mwenye kipindi siku tano kwa wiki akipiga wimbo wake mara moja kila siku, jambo ambalo hata halitaonekana kubwa, kwa mwaka mmoja amejipa nafasi 260. Nafasi hizo hazikutoka mbinguni. Zimetoka kwa kikundi cha taarabu cha Wete, kwa kijana wa Micheweni aliyekuja na wimbo wake ndani ya simu, na kwa bibi anayejua nyimbo za msewe ambazo hapana mwengine atakayezipiga.

Tena si suala la sifa peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003, zimempa mtunzi haki ya kufaidika kazi yake inapotumiwa hadharani, ikiwa ni pamoja na kutangazwa. Maana yake ni kuwa kila wimbo unaopigwa redioni ni fedha, au unapaswa kuwa fedha, kwa mwenye wimbo. Anayejipigia wimbo wake anajikatia risiti. Na anayepokea bahasha ya msanii ili apige wimbo anauza kitu kisichokuwa chake, kwa sababu muda wa redio si mali ya mtangazaji. Kwa redio ya umma ni mali ya umma, na kwa redio ya mtu binafsi ni amana ya msikilizaji aliyeiazima masikio yake.

Wapo watakaosema: je, katika redio ndogo tutafanyaje, pahala ambapo mtu mmoja ndiye mtangazaji, ndiye fundi mitambo na ndiye mchagua nyimbo? Swali hilo ni la haki, na mimi nasema dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kwanza, nyimbo za mtangazaji zichaguliwe na mtu mwengine, na zipigwe katika kipindi cha mtu mwengine. Pili, liwepo daftari la nyimbo, linaloandikwa kila siku: wimbo gani, wa nani, umepigwa saa ngapi. Daftari hilo liwe wazi kwa msanii yeyote atakayetaka kulitazama. Tatu, mtangazaji anapomhoji msanii ambaye ni mwenzake katika studio au katika mkataba, awaambie wasikilizaji wazi kabla ya kuanza. Msikilizaji si mtoto. Akiambiwa ukweli hupima mwenyewe.

Atakayeona masharti hayo mazito, na akumbuke kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wimbo mzuri utapigwa na wenzako bila ya wewe kushika kitufe.

Ndugu wasikilizaji, liko jambo jengine katika safari ya Vanessa ambalo vijana hawakulitaja, nalo ni mwisho wake. Katikati ya mwaka 2020, wakati jina lake lingali juu, alitangaza kwamba anaachana na biashara ya muziki, na akaeleza jinsi biashara hiyo ilivyomchosha na kumuumiza. Alilisema hilo katika mazungumzo yake mwenyewe ya mtandaoni, aliyoyaita Deep Dive. Mazungumzo ya namna hiyo vijana huyaita podikasti. Kwangu mimi ni redio isiyokuwa na mnara: kipaza sauti, mtu mmoja anayezungumza, na mtu mmoja anayesikiliza.

Aliyeanza mbele ya kamera, alipokuwa na neno zito la kusema kuhusu maisha yake, alilisema kwa mazungumzo. Hilo linatufunza mambo mawili. La kwanza ni kuwa sauti ndiyo mtaji unaobaki mkononi kila mtu anapohama. Kioo ni cha kituo, wimbo una washirika wake na mikataba yake, lakini sauti humfuata mwenyewe. La pili ni kwamba muziki si pepo ya kukimbilia kutoka kwenye taabu za kazi ya mshahara. Unaweza kumpa mtu jina na ukamnyang'anya usingizi. Binti wa Tibirinzi anayetaka kuimba aliangalie hilo pia, asiangalie makofi tu.

Kwa ami nasema hivi: usimzuie mtoto kwa hoja ya punda na gari. Ukitaka kumlinda, msaidie kuusoma mkataba kabla hajautia saini. Muulize nani atamiliki nyimbo zake, nani atashika fedha, na akitaka kutoka atatokaje. Muulize pia saa za kazi, na atarudi nyumbani na nani usiku. Hayo ndiyo maswali ya mzee.

Kwa binti nasema: ikiwa nafasi ya televisheni umeshaipata, usiitupe kabla hujajifunza iliyonayo. Jifunze kusoma, kuuliza, kuwahi, na kunyamaza pale panapostahiki kunyamaza. Vyote hivyo utakwenda navyo redioni, na katika wimbo pia. Kisha ukihama, hama kwa kunyooka. Waambie wasikilizaji: tangu leo mimi nina gunia langu katika foleni. Ukishalisema hilo, muachie mwenzako mizani.

Na kwa sisi tulio studioni, wakubwa na wadogo, tusiwasubiri wasikilizaji watuulize. Daftari la nyimbo linaanza na kalamu na mistari minne. Kituo kisichokuwa nalo kinaweza kuwa nalo kesho asubuhi.

Panapo majaaliwa tutakutana tena wiki ijayo, siku na saa kama hii.